Joka wa Kaole

Jiwe lilinitoka mkononi kabla sijajua kama nimeliokota.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza mume wangu jioni ile, na si kweli. Jiwe haliokotwi bila kuinama. Niliinama. Tena nilichagua: la kwanza lilikuwa dogo nikaliacha, nikachukua la pili, kipande cha tumbawe kilichochongoka kama kigae, nikamrushia kenge aliyekuwa kajilaza juu ya ukuta wa msikiti mkongwe wa magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, akiota jua la saa tatu asubuhi.

Sikumpata. Jiwe liligonga ukuta shibiri moja kutoka kichwani pake, likamrukia ubavuni, na kijipande cha lipu chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba kikadondoka chini. Kenge hakutimua mbio kama nilivyotegemea. Aliinua kichwa. Akatoa ulimi, ule mrefu wenye ncha mbili, akauchezesha hewani, kisha akageuka taratibu, guu baada ya guu, akateremkia upande wa pili. Nilizisikia kucha zake zikikwaruza matumbawe mpaka akatua kwenye majani makavu.

Mwongoza wageni alikuwa kisimani na wageni wengine. Hakuona.

Aliyeona ni binti yangu wa miaka saba.

"Mama," aliniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "mbona umempiga Joka wa Bibi?"

Hii ni wiki ya sita, na swali lile bado limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

## Hadithi njoo, uwongo njoo

Bibi, mzaa baba, alikuwa akisimulia huku anasuka. Ukili ulimtoka vidoleni kana kwamba unajisuka wenyewe, ukindu ukinukia baraza zima, na sisi wajukuu tumejipanga ukutani kama vikombe. Hakuwa mtu wa kuigiza sauti za wanyama. Alisimulia kwa sauti ileile aliyotumia kumtuma mtoto chumvi dukani, na pengine ndiyo maana tulimwamini.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!"

Joka, alisema Bibi, alikuja Kaole ndani ya bakuli. Bakuli la kijani kibichi, rangi ya maji ya bahari penye kina cha magoti, na yeye amejikunja chini kabisa ya bakuli hilo, mdogo kama jongoo, amekauka pamoja na udongo. Tajiri mmoja alilinunua kwenye jahazi. Mama yake tajiri alipofariki, akamjengea kaburi la mawe lenye nguzo ndefu, na juu kwenye nguzo akalibandika bakuli lile ili liwe pambo. Mvua ikanyesha. Bakuli likapata maji. Joka akafumbua jicho moja.

Hapo daima kulikuwa na mjukuu wa kubisha. "Bibi, bakuli la ukutani limetazama pembeni. Maji yatakaaje?"

"Mvua ya kusi ile," Bibi alijibu bila kuinua macho. "Kusi hainyeshi kutoka juu. Inakupiga ubavuni."

Basi Joka akanywa, akakua. Masika ya kwanza akawa mrefu kama mkono, ya pili kama mtumbwi, na masika ya saba akaweza kuuzunguka msikiti mzima na kuegemeza kidevu chake nje ya ukuta wa kibla, ambako alisikiliza sala zote tano bila kukohoa. Watu mwanzo walimwogopa, kisha wakamzoea. Wavuvi walimtandikia nyavu mgongoni zikauke. Usiku wa giza alipiga chafya juu ya mbuyu, na manahodha waliokuwa baharini wakajua bandari iko wapi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kisimani. Alijizungusha chini ya ardhi kukizunguka kisima, ili maji ya chumvi yasipenye. Ndiyo maana, alisema Bibi, bahari iko palepale na kisima cha Kaole hakijaonja chumvi hata siku moja.

Kisha watu wakaanza kuyabandua mabakuli makaburini. Mmoja leo, mwingine kesho. Kila bakuli lililoondoka, Joka alipungukiwa funda moja la maji. Akakonda. Akafupika. Moto wa puani ukamzimika, zikabaki cheche zilizomwangukia mgongoni, na ndizo yale madoadoa ya manjano.

"Yupo mpaka leo. Ukimwona usikimbie. Mpe maji."

Hadithi yake iliishia hapo. Hakuna kijana mwenye upanga, hakuna binti wa mfalme.

## Joka lile, Joka yule

Nilipoanza kuandika makala haya niligundua kitu ambacho nilikuwa nakisikia miaka yote bila kukisikiliza. Bibi hakusema "joka lile". Alisema "Joka yule". Joka alikuja, Joka akanywa, Joka akakonda.

Lugha yetu ina ujanja wake wa kumdharau kiumbe kwa kumwongezea ukubwa. Mtu anakuwa jitu, mbwa anakuwa jibwa, nyoka anakuwa joka, kisha unampachika "li" na shughuli imekwisha: limekuja, limekula, liueni. Majoka yote mengine niliyokutana nayo maishani yalikuwa ya "li". Lile la ngano, lenye vichwa saba, linalokalia chemchemi na kudai msichana kila mwaka. Lile ambalo rafiki yangu Mkristo alinisomea tulipokuwa bweni moja, katika Ufunuo mlango wa 12, jekundu, vichwa saba na pembe kumi. Na jingine, ambalo nitalifikia baadaye, kwa kuwa nilikuwa nimelisahau kabisa mpaka nilipokumbushwa.

Joka wa Bibi pekee ndiye aliyepewa "a", kama jirani.

Binti yangu amerithi "a" hiyo bila kufundishwa. Mimi niliyempa hadithi ndiye niliyeokota jiwe.

## Bakuli la kijani

Nilijitetea kwanza kwa kusoma. Ndivyo nilivyo. Nikikosea kitu nakimbilia vitabuni, nitoke na maelezo badala ya majibu.

Habari za Kaole mnazijua, sitarudia za mbuyu na miaka unayoongezewa ukiuzunguka, wala za kaburi la Sharifa, wala za wapendanao waliozama baharini. Ninachotaka mkitazame siku mkipita tena, ni matundu. Misikiti miwili, mkongwe wake huhesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi zaidi ya 20, baadhi yake yana nguzo ndefu za matumbawe na chokaa. Kwenye lipu kuna vishimo vya mviringo, safi kama vilivyochorwa kwa bikari. Ndani ya matundu hayo mlikuwa na mabakuli ya Kichina. Yameshabanduliwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba pale mwaka 1958, kilichobaki kingi kilikuwa vigae, na baadhi ya vigae viko kwenye ka-makumbusho ka hapohapo. Vya kijani vipo. Nimevisimamia mbele ya kioo mpaka pumzi yangu ikakitia ukungu. Bibi hakukosea rangi.

Kwa hiyo sehemu ya mabakuli ni kweli tupu. Na bandari pia ilikuwepo kweli, kabla mikoko haijaota na tope kujaa, meli zikahamia Bagamoyo.

Kilichonisisimua zaidi ni huyu mwenyewe. Kwa Wachina joka si adui wa kuuawa. Ni wa mvua, wa mito, wa heri. Anakaa majini na kuleta mawingu. Hamezi mabinti. Yaani Bibi, ambaye upande mmoja hakuwahi kuvuka Tanga na upande wa pili hakuwahi kuvuka Kariakoo, alikuwa na joka wa Kichina barazani kwake, mpole, mnywa mvua, aliyekuja na bakuli la Kichina! Usiku ule sikulala. Nilijiona nimegundua kumbukumbu ya miaka 600, iliyopita kinywa kwa kinywa kutoka kwa mabaharia mpaka kwa bibi msuka mikeka.

Nikaongeza na hili, ambalo ni la kweli na bado linanifurahisha. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa China. Watu wa kule walikuwa na mnyama wao wa hadithi, qilin, mpole kiasi kwamba hakanyagi majani mabichi wala hadhuru chochote chenye uhai. Walipomwona twiga wetu, anayetafuna majani ya miti hapa bila kuulizwa na mtu, wakasema ndiye huyo.

Wao wakamfanya twiga wetu kiumbe cha ajabu. Sisi tukalipa uhai pambo la bakuli lao. Nilishaandika sentensi hiyo kama kichwa cha makala, nikaipigia mstari.

Kisha nikaenda kwa shangazi.

## Chupa ya chai

Shangazi anakaa Dunda, nyumba ya milango ya kijani, na ukifika saa kumi bila kitu mkononi utasemwa. Nilibeba vitumbua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au baibui ndilo limekuwa kubwa?"

Nilimweleza yote: bakuli, mvua, Malindi, mfalme wa China. Alinisikiliza mpaka mwisho akitafuna, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa. Halafu akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na chupa ya chai. Ya bati, ya zamani, kifuniko chake kimeshapotea, na ubavuni, chini ya kutu, nusu ya joka wa dhahabu anayeelea juu ya mawingu.

"Huyu hapa," alisema, "wa mfalme wako."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini nilicheka kama mtu aliyeibiwa. Chupa ile ilikaa mezani kwa Bibi miaka yote ya utoto wangu na sikuwahi kuitazama. Na kama mna umri wangu mnajua ilivyofika. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani kwetu. Karai, tochi, mabakuli ya bati, chupa za chai. Kumbukumbu yangu ya miaka 600 ilikuwa bidhaa ya duka la ushirika.

Ingawa, nikifikiria tena: bakuli la kaburini nalo lilikuwa bidhaa. Mtu alilipia, akalibeba nyumbani, mkewe akauliza bei.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa uchunguzi. Shangazi akamimina chai.

"Lakini wewe umesahau kwa nini mama aliitunga?"

## Joka mwingine

Nilikuwa na miaka sita, kwa hesabu ya shangazi. Nilikuwa nimeanza chuo cha Kurani, nimefika juzuu ya kwanza, mtoto wa kukaa mbele. Wiki ile mwalimu alikuwa ametusomesha habari za anayeacha sala, na joka linalomngoja kaburini. Kila mtoto wa pwani amepita kwenye somo hilo. Wengi wanalisikia, wanatetemeka jioni moja, kesho wanacheza rede.

Mimi siku ya pili yake nikapelekwa Kaole na familia. Nikajitenga na wenzangu. Kwenye kaburi moja lililopasuka chini, kenge akatoa kichwa.

"Ulipiga ukelele watu wakadhani umegongwa na nyoka," shangazi alisema. "Ulilowa mpaka viatu. Nilikubeba mimi. Siku nne hukulala. Homa. Ukiamka usiku unataka kutawadha, mtoto wa miaka sita, unalia kwamba umekosa sala na joka limeshakuona sura."

Sikumbuki. Nimejaribu kwa wiki hizi zote kukumbuka hata harufu ya siku ile, hakuna. Ninachokumbuka ni baraza, ukili, sauti ya Bibi isiyopanda wala kushuka. Maishani nimejisimulia kuwa nilikuwa mtoto jasiri, aliyependa kenge wakati wenzake wanawakimbia.

Nilimuuliza shangazi kama Bibi alikwenda kumlalamikia mwalimu.

Alinitazama kama nimetukana. "Amlalamikie kwa nini? Mwalimu alisema yake, na yake yamo vitabuni. Mama hakubishana na chuo hata siku moja. Alikutafutia joka mwingine."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikaziacha bajaji zote zilizonipigia honi.

Kwa hiyo haikuwa hadithi ya Kaole. Ilikuwa dawa, imetungwa jioni moja kwa mgonjwa mmoja, kwa vitu vilivyokuwa karibu: chupa ya chai, kenge, kisima, matundu ya ukutani. Na dawa ilifanya kazi, kwa kuwa nilipona hata nikasahau niliugua nini. Ila haikufika kila mahali. Hadithi ilitulia kichwani, hofu ikahamia mkononi, ikakaa kimya zaidi ya miaka thelathini, mpaka asubuhi ile nilipoinama kuchagua jiwe.

Nilimpigia baba mkubwa aliyeko Tanga, nikidhani nampa habari.

"Shangazi yako ana uwongo kuliko hadithi yenyewe," alisema. "Mimi nimeisikia kabla baba yako hajaoa."

Bibi, alinikumbusha, alizaliwa upande wa Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, na joka wake alikuwa wa Tongoni. Kule makaburi ya mawe ni zaidi ya 40, na nguzo nyingi zimeshalala chini. Kwa mujibu wa baba mkubwa hakukuwa na bakuli wala chafya. Lilikuwa chatu kubwa, jeupe kwa uzee, na kazi yake ilikuwa moja: kila usiku lilipita katikati ya makaburi likiyahesabu. Likikuta yametimia, linalala. Hivyo tu.

"Na wezi wa mabakuli?"

"Wezi wapi? Hayo kaongeza mwenyewe huko Bagamoyo. Mama alikuwa hawezi kupika mchuzi wa mtu bila kuongeza chumvi."

Niliwaunganisha wawili hao kwenye simu moja, kosa ambalo sitarudia. Wamenuniana mpaka leo. Nimeacha kuuliza.

## Kenge hasikii

Wakati huohuo nikaanza kumtazama kenge, maana nilimdai radhi bila kumjua.

Hakuna mnyama tuliyemkosea adabu kwa maneno kama huyu. "Kenge wewe!" ni tusi linalokamilika lenyewe. "Katika msafara wa mamba na kenge wamo," tunasema, tukiwa na maana ya wale wanaojichomeka pasipowahusu. "Kenge hasikii mpaka aone damu masikioni." Na ngozi yake tunaiwamba ngoma, kisha tunaicheza.

Huyu wa mikokoni, mweusi mwenye madoa ya manjano, anaweza kufika urefu wa mita mbili, mkia ukiwa zaidi ya nusu. Anakula kaa, konokono, vyura, panya, nyoka, mayai ya mamba akiyapata, na ndiyo, kuku wako pia, sitamtetea kwa hilo. Ule ulimi unaotutisha hautemi chochote. Ni pua. Anaokota harufu hewani kwa ncha mbili, anairudisha kinywani kwenye kiungo cha kunusia, na kwa kulinganisha ncha ya kulia na ya kushoto anajua kitu kiko upande gani. Alipotoa ulimi pale ukutani hakuwa ananitishia. Alikuwa ananinusa, ajue ni nani huyu mwenye mawe.

Ukimbana atakung'ata mkono na mkia wake ni fimbo halisi. Usipombana anaondoka.

Lakini kilichonikalisha chini ni mayai. Jike hutafuta kichuguu chenye mchwa hai, kilicholainishwa na mvua, anakitoboa, anataga ndani mayai yanayoweza kufika 60, kisha anaondoka moja kwa moja. Hafukii. Mchwa wenyewe, wakiona nyumba yao imebomolewa, wanaliziba lile tundu kwa udongo wao. Wanamfungia mayai ndani, kwenye joto na unyevu wanaoutunza kwa ajili ya watoto wao. Miezi inapita. Vifaranga wakiangua wanangoja ndani mpaka mvua nyingine ilainishe ukuta, ndipo watoke.

Nilimsomea binti yangu habari hiyo usiku. Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Anaamka mvua ikinyesha."

Sikuwa na la kuongeza. Nilizima taa.

## Lango la Kaole, mara ya pili

Tulirudi Jumamosi iliyopita. Yeye alibeba kifuu na chupa ndogo ya maji, mimi nilibeba maneno niliyoyapanga njia nzima ndani ya bajaji.

Kijana wa langoni alikuwa yuleyule. Nilimwambia ukweli: wiki sita nyuma nilirusha jiwe ndani ya eneo hili, nikabandua lipu ya msikiti, na hakuna aliyeniona. Alinitaka nimwonyeshe. Tukasimama watatu mbele ya ukuta, na kwa fedheha yangu sikupaona. Ukuta ule una makovu mengi mno. Nilidhani ni hapa, nikadhani ni pale.

"Dada," alisema hatimaye, "ningekuona siku ile tungekosana sana. Leo sijui nikuandike nini."

Binti yangu akauliza kama anaweza kumwekea kenge maji. Juu ya makaburi hapana, alisema kijana, na kifuu mtaondoka nacho, hapa si jalala. Wakachagua kivuli nje ya ukuta, upande wa kibla. Kwenye mchanga laini pale palikuwa na alama, nyayo za kucha kulia na kushoto zikipishana, na katikati mstari mmoja uliopindapinda, wa mkia, umetokea mikokoni na kupotea chini ya mawe. Mwanangu alichuchumaa akamimina maji mpaka kifuu kikafurika.

"Kwa nini hasa kenge?" kijana akaniuliza.

Nikamsimulia. Sikupanga. Nilisimulia toleo la Bibi, la bakuli, chafya na kisima, na wakati nasimulia nilijisikia sauti ikiwa tambarare kama ya mtu anayeagiza chumvi. Alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Miaka yote niko hapa," alisema, "nina mbuyu, nina Sharifa, nina wapendanao. Hili la joka sijawahi kulisikia. Zuri hili. Nitalitumia."

Moyo ukanipasuka. "Si la hapa," nilimwambia haraka. "Alilitunga bibi yangu. Au alitoka nalo Tongoni, ndugu zangu hawajaelewana. Kuna na chupa ya chai ndani yake. Usiwaambie wageni ni la Kaole."

"Niwaambie la wapi?"

Nilifungua kinywa, nikakosa jina la mahali.

Wageni walikuwa wanaingia langoni, familia kutoka Dar es Salaam, watoto watatu wakigombea kofia moja. Kijana aliwakaribisha, akawaonyesha kisima, akaanza. Alianza vizuri, lazima nikiri. Sauti yake ina mikogo ambayo Bibi hakuwa nayo.

"Sasa hapa, wazee wetu wanasema palikuwa na joka. Joka hilo lilikuwa kubwa, lilikuwa linazunguka..."

"Siyo *hilo*," sauti nyembamba ikatoka nyuma yangu. Binti yangu alikuwa amesimama na chupa tupu mkononi. "Huyo. Joka *huyo*. *Alikuwa* anazunguka."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama mbuyu.

"Haya," alisema. "Joka huyo alikuwa anazunguka."